Kadi ichelewe, mshahara usichelewe

Mtu akifanya kazi mwezi mzima, anadai mshahara wa mwezi mzima. Hilo halihitaji wakili wala balozi. Hata hivyo wapo watu wetu huko nje ambao kila mwisho wa mwezi huambiwa kwamba pesa zipo, ila hazitoki kwa kuwa kibali cha ukaazi nacho hakijatoka. Mwezi wa kwanza wanaelewa. Mwezi wa pili wanakopa. Mwezi wa tatu wanaogopa kuuliza, maana anayekalia mshahara ndiye anayetakiwa kushughulikia kibali, na nani atathubutu kumuudhi mtu wa namna hiyo?

Sisi tunasema hivi: kibali ni shauri la mgeni na serikali ya nchi aliyomo. Mshahara ni deni la mwajiri. Mwajiri anayeyafunga mambo haya mawili pamoja anafanya hivyo kwa faida yake, na serikali zetu zimemwachia mwanya. Kila mkataba wa ajira za nje unapotiwa saini, jukwaani hutajwa nafasi za kazi. Miezi ya kusubiri kadi hatuisikii ikitajwa.

Tuanze na Saudi Arabia, kwa kuwa huko ndiko wasichana wetu wengi wanakoelekea. Mfanyakazi wa nyumbani anatua Riyadh au Jeddah akiwa na viza ya kazi kwenye pasipoti. Viza imemwingiza nchini, lakini maisha ya kila siku yanaendeshwa kwa ikama, kibali cha ukaazi ambacho mwajiri anatakiwa kumtolea ndani ya siku 90 tangu aingie nchini, baada ya vipimo vya afya. Ada ni za mwajiri. Shughuli yote inapita kwenye akaunti ya mwajiri katika mfumo wa serikali uitwao Absher, hivyo mfanyakazi hana dirisha la kwenda kuulizia karatasi zake mwenyewe. Bila ikama, kufungua akaunti ya benki ni shida. Kutoka nje ya geti ni kutembea na hofu ya kudaiwa kitambulisho.

Hapo ndipo neno "subiri ikama" linapogeuka kuwa sera ya nyumba. Siku 90 hizo hizo ndizo pia kikomo cha kipindi cha majaribio, na wapo waajiri wanaovichanganya viwili hivi kwa makusudi, wakamwambia mgeni kwamba majaribio hayana mshahara. Si kweli. Aliyepika, akafua, akakesha na mtoto wa watu siku yake ya kumi amefanya kazi ileile atakayoifanya siku ya mia. Hakuna mtoto anayelelewa kwa majaribio.

Mwezi Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyojengwa juu ya mahojiano na wanawake zaidi ya 70 wa Kenya waliofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia. Mshahara wao wa wastani ulikuwa kama riyali 900 kwa mwezi, na wapo waliocheleweshewa au kunyimwa kabisa. Riyali imefungwa kwa dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo hesabu haiyumbi: ni dola 240. Mwajiri akikalia miezi mitatu ya mwanzo, amekalia dola 720. Kwa nyumba yenye uwezo wa kuajiri mtumishi kutoka ng'ambo, hiyo ni bei ya simu. Kwa mama aliyewaacha watoto kwa bibi yao Kilifi au Kakamega, hiyo ni karo ya muhula, ni kodi ya nyumba, na mara nyingi ni deni la ajenti lililokwisha kuanza kuzaa riba.

Saudi Arabia imefanya marekebisho, na haki tuitaje. Kanuni mpya za wafanyakazi wa nyumbani zilianza kutumika Oktoba 2024. Kupitia Musaned, mfumo wa serikali wa ajira za nyumbani, tangu Julai 2024 mishahara ya mikataba mipya inatakiwa ipite benki au kwenye pochi za simu, na waajiri wa zamani wakaingizwa kwa awamu hadi Januari 2026. Hatua hiyo ni nzuri. Mshahara uliopita kwenye mfumo unaacha alama, na mwenye alama ana cha kuonyesha mbele ya hakimu. Lakini pochi hizo nazo kwa kawaida hufunguliwa kwa namba ya ikama! Maana yake ulinzi unaanza pale subira inapokwisha. Miezi ya mwanzo, ambayo mtu hajui lugha, hajui mtaa wala hana laini ya simu kwa jina lake, imebaki kwenye pesa za mkononi na ahadi.

Pesa za mkononi zenyewe hazina ubaya zikiambatana na karatasi. Ipigwe picha siku hiyo hiyo, iwe na tarehe, kiasi na mwezi unaolipwa. Asitie saini mtu yeyote kwa mwezi ambao hajapokea kitu, hata akiambiwa ni utaratibu tu wa ofisi. Balaa zaidi ni ule mtindo wa kupitisha mshahara kwenye akaunti ya rafiki mwenye kadi. Tunajua unafanyika kila mahali, kuanzia Doha hadi Berlin, na mara nyingi unafanywa kwa nia njema. Lakini siku ya kudai, rekodi zinaonyesha kwamba aliyelipwa ni mtu mwingine. Rafiki naye anaweza kubanwa na benki yake aeleze hizi fedha za kila mwezi ni za nini. Urafiki mwingi umevunjika hapo, na deni likabaki halina mwenyewe.

Njia ipo, tena si ngumu. Mwajiri ana kitambulisho, ana akaunti, na maduka ya kutuma fedha yamejaa katika miji yote ya Ghuba. Mpaka kadi itoke, atume mshahara moja kwa moja kwenye akaunti ya nyumbani yenye jina la mfanyakazi mwenyewe, na ampe mkononi kiasi kidogo cha matumizi kwa maandishi. Rekodi inabaki pande mbili za bahari. Anachotakiwa kufanya msafiri ni kufungua akaunti hiyo kabla hajapanda ndege, kwa jina lake. Asitumie ya mume, ya kaka, wala ya ajenti. Yaliyowapata waliotumia akaunti za jamaa zao hatuna haja ya kuyasimulia, kila mtaa una kisa chake.

Haya yote yanamhusu aliyeingia kwa viza ya kazi. Aliyepelekwa kwa viza ya matembezi, kwa maneno yale ya "kadi utatengenezewa ukifika", yuko kwenye shimo jingine kabisa. Huyo hasubiri kibali, anafanya kazi kinyume cha sheria ya nchi ile, na aliyempeleka anajua. Falme za Kiarabu mwaka 2024 zilipandisha faini kwa waajiri wanaotumia watu wasio na kibali cha kazi, kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Oman nayo ilisimamisha mwaka 2023 utaratibu wa kubadili viza ya matembezi kuwa ya kazi bila kutoka nchini. Ajenti anayeendelea kuuza safari za namna hiyo Dar es Salaam, Mombasa au Unguja anauza mtego, na polisi wetu hawahitaji ruhusa ya Muscat kumkamata.

Twende Ulaya, ambako watu hudhani matatizo haya hayafiki. Tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia Berlin kutiwa saini kwa mkataba wa Kenya na Ujerumani kuhusu uhamaji wa wafanyakazi. Magazeti yalivuma kwamba Wakenya 250,000 wamepata kazi. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikajitokeza hadharani kukanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Hiyo ndiyo ada yetu, tunagombania idadi kabla ya kuuliza masharti.

Kwa upande wa sheria, anayefika Ujerumani ana nafuu. Viza ya kitaifa aliyopewa Nairobi kwa ajili ya kazi inamruhusu kufanya kazi hiyo tangu siku ya kwanza, kwa masharti yaliyoandikwa juu yake. Hahitaji kungoja kadi ndipo aanze, wala mwajiri hahitaji kungoja kadi ndipo amlipe. Ombi la kibali likiwasilishwa kabla viza haijaisha, kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi kinaihesabu ruhusa ya zamani kuwa hai hadi uamuzi utoke, kazi ikiwemo. Ofisi ya wageni humpa mwombaji karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung, jina refu lakini lina thamani: hiyo ndiyo ngao ya mtu anayesubiri. Mwombaji asiondoke dirishani bila kuhakikisha kwamba sehemu inayohusu kazi imejazwa. Akichelewa kuomba, hata kwa siku moja baada ya viza kuisha, ngao hiyo hana uhakika nayo tena, na hapo lawama si ya mwajiri.

Kinachokwamisha mshahara Ujerumani mara nyingi ni mnyororo wa karatasi. Benki inataka uthibitisho wa makazi. Uthibitisho wa makazi unataka miadi kwenye ofisi ya wakazi, ingawa sheria inataka mtu ajiandikishe ndani ya wiki mbili tangu ahamie. Namba ya kodi, tarakimu 11, huja kwa posta baada ya kujiandikisha, kwa hiyo jina lisipoonekana kwenye kisanduku cha barua, namba inarudi ilikotoka. Mhasibu anasema hana namba, hawezi kulipa. Anaweza. Sheria ya kodi inamruhusu kutumia makadirio kwa muda wakati namba inasubiriwa, na ikishindikana atamkata mfanyakazi kwa daraja la juu la kodi, kisha hesabu zirekebishwe baadaye. Kukatwa kodi kubwa kwa mwezi mmoja kunauma, lakini mtu amelipwa.

Akaunti nayo ni haki. Tangu 2016 kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya anaweza kudai akaunti ya msingi katika benki za Ujerumani, na sheria inawataja waziwazi wanaoomba hifadhi na hata wasio na anwani ya kudumu. Benki ina siku kumi za kazi kujibu. Karani atakayesema "rudi ukiwa na kadi" aombwe aandike jibu lake. Tumeshangaa mara nyingi jinsi makarani wanavyobadilika wakiombwa kuandika.

Jambo moja la Ulaya lingefaa kuigwa na dunia nzima. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2009 kuhusu waajiri linasema hata aliyeajiriwa bila kibali anadai ujira wake kwa kazi aliyofanya, na mwajiri asipoweza kuthibitisha vinginevyo, inahesabiwa kwamba mtu huyo alifanya kazi kwa angalau miezi mitatu. Ujerumani imeliweka katika kifungu cha 98a cha sheria yake ya ukaazi. Mzigo wa kuthibitisha umehamishiwa kwa mwenye nguvu. Na ujira huo si mdogo: kima cha chini cha Ujerumani tangu Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa, takriban yuro 2,400 kwa mwezi wa saa 40 kwa wiki kabla ya makato.

Uingereza imeshika njia nyingine. Sheria yake ya uhamiaji ya 2016 ilifanya kazi isiyo na ruhusa kuwa kosa la jinai, na ujira wake unaweza kutwaliwa kama mali iliyopatikana kwa uhalifu. Aliyesafisha ofisi usiku ananyang'anywa. Ofisi imebaki safi. Hata wenye haki kamili wanaumia kwa hofu ya waajiri. Anayeomba kuongezewa muda kabla viza haijaisha analindwa na kifungu cha 3C cha sheria ya 1971, na masharti yake ya zamani yanaendelea hadi ajibiwe. Lakini tangu Februari 2024 faini imefika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, na 60,000 kwa mwajiri anayerudia kosa. Basi kampuni ya kulea wazee ikiona tarehe ya viza imepita, inamsimamisha mlezi bila mshahara "mpaka mambo yaeleweke". Mambo yangeeleweka wiki hiyo hiyo, kwa kuwa serikali ya Uingereza ina huduma maalumu ya kuwathibitishia waajiri, na jibu lake likiwa zuri linamkinga mwajiri kwa miezi sita. Mlezi amwombe mwajiri kwa maandishi aitumie. Wengi hawajui kama ipo, waajiri wakiwemo.

Sasa turudi nyumbani. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu kwamba Wakenya walioko nje walituma dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na Saudi Arabia imo katika nchi za mbele kabisa kwa fedha hizo. Mawaziri hutaja takwimu hiyo kwa fahari. Ni haki yao. Lakini fedha hizo zilitoka kwenye mishahara, na anayejivunia jumla lazima ashughulikie kilichozuiwa njiani.

Mfano upo, na hauko mbali na kazi zetu. Ufilipino, kwa sheria yake ya mwaka 1995, ilimfunga wakala wa nyumbani na mwajiri wa ng'ambo kamba moja: mshahara usipolipwa, mfanyakazi anaweza kumdai wakala aliye Manila kiasi chote, na wakala ndiye atajua jinsi ya kumfuata mwajiri wake Riyadh. Mfanyakazi haulizwi kwa nini mwajiri hakulipa. Mwaka 2006 Ufilipino ikaweka kima cha chini cha dola 400 kwa wafanyakazi wake wa nyumbani, ambazo ni riyali 1,500. Linganisha na 900 za Mkenya anayepiga deki sakafu zilezile.

Mawakala wetu watasema: tukibana sana, kazi zitakwenda kwingine. Hoja hii haipuuzwi, maana ilitokea. Mwaka 2011 Saudi Arabia ilisimamisha viza za wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino na Indonesia katika ugomvi wa masharti, waajiri wakatafuta watu kwingine, Afrika ikiwemo. Sehemu ya soko letu la leo ilifunguliwa na ugomvi ule. Lakini mwaka uliofuata Saudi Arabia ilirudi mezani, na Wafilipino wakarejea kwa dola zao 400. Waliobana hawakupoteza soko. Sisi tuliojipanga mlangoni kwa bei ya chini ndio tunaopigiwa mfano wa urahisi. Na sharti tunalolitaka hapa si kupandisha mshahara hata kwa riyali moja. Tunataka mshahara uliokubaliwa ulipwe kwa tarehe yake. Mwajiri atakayekimbilia nchi nyingine kwa sharti hilo, aende salama.

Kifungu tunachokitaka katika kila mkataba wa serikali na katika kila mkataba wa mfanyakazi ni kifupi. Mshahara unahesabiwa tangu siku ya kuripoti kazini. Mpaka kibali kitoke, unatumwa kila mwezi kwenye akaunti ya nyumbani ya mfanyakazi. Kuchelewa kwa kibali si sababu ya kuchelewesha malipo. Ikipita siku ya 90 bila kibali, mfanyakazi ana haki ya kubadili mwajiri au kurudishwa kwa gharama ya mwajiri, na malimbikizo yake yote mkononi.

Berlin na Riyadh zinaweza kuvuta miguu. Kuna kazi ambayo haizihitaji. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 tayari inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi, na mwajiri asiyeishi Kenya aweke dhamana yenye mdhamini aliyeko nchini. Dhamana hiyo iitwe siku mwezi wa pili unapopita bila mshahara, bila kungoja mtu arudi kwa mkoba mtupu na kesi ya miaka miwili. Wakala atakayeitiwa dhamana mara mbili asiongezewe leseni. Tanzania na Uganda nazo zina mawakala waliosajiliwa na wizara zinazowasimamia, na zinaweza kuandika sharti kama hilo katika leseni za mwaka ujao bila kusubiri bunge la nchi yoyote.